Kosa la Kugeuza Sentensi: Hesabu za Uwezekano Mahakamani

Hesabu iletwapo mahakamani huja na heshima yake. Shahidi wa kawaida aweza kuulizwa alisimama wapi, na kama palikuwa na mwanga. Lakini tarakimu haina macho wala chuki, na kwa hiyo msikilizaji huelekea kuiamini. Hata hivyo, baadhi ya makosa makubwa ya kesi za namna hii chanzo chake ni lugha: sentensi moja huchukuliwa kuwa ni nyingine.

Sentensi mbili zifuatazo hukaribiana sana kwa maneno:

(a) Ikiwa mtu huyu hana hatia, uwezekano wa kupatikana ushahidi huu ni mdogo.

(b) Ikiwa ushahidi huu umepatikana, uwezekano wa mtu huyu kuwa hana hatia ni mdogo.

Lililokuwa sharti katika (a) limekuwa jawabu katika (b). Mtu akiambiwa kwamba kila mbuzi ana miguu minne, hatakubali kwamba kila mwenye miguu minne ni mbuzi. Lakini kosa lilo hilo likivishwa tarakimu hupita bila kutambuliwa. Mwaka 1987 wataalamu wawili wa Marekani, William Thompson na Edward Schumann, waliliita kosa la mwendesha mashtaka.

Mahakama ya Rufani ya Uingereza ililieleza jambo hili mwaka 1996, katika rufani za Doheny na Adams. Tuseme alama za vinasaba zilizopatikana mahali pa uhalifu huwa nazo mtu mmoja katika kila watu milioni moja. Kwa kukadiria, wanaume 26 hivi nchini humo watakuwa nazo. Ikiwa hapana ushahidi mwingine wowote, linalojulikana juu ya mshtakiwa ni kwamba yu mmoja wa hao 26. Shahidi asemaye kwamba uwezekano wa damu ile kuwa ya mtu mwingine ni mmoja katika milioni amekwisha kuigeuza sentensi. Wala haifai kukimbilia upande wa pili na kudai kwamba ushahidi huo hauna maana kwa kuwa wapo wengine 25. Ikithibitika kwamba mshtakiwa alionekana karibu na mahali pale usiku ule, huenda wengi wa hao 25 wakaondoka katika hesabu.

Kesi ya Sally Clark, mwanasheria wa Uingereza, yaonyesha madhara ya kosa hilo. Watoto wake wawili wachanga walifariki, wa kwanza mwaka 1996 na wa pili mwaka 1998, naye akashtakiwa kuwaua. Daktari bingwa, Roy Meadow, aliliambia jopo la raia walioketi kuamua kwamba kifo cha ghafla cha mtoto mchanga, katika familia yenye hali kama ile, hutokea mara moja katika watoto 8,543. Tarakimu hiyo ilizidishwa kwa yenyewe, ikapatikana moja katika milioni 73. Kuzidisha namna hiyo kwafaa pale tu ambapo tukio la kwanza halihusiani na la pili. Na watoto wa tumbo moja hushirikiana nasaba na nyumba. Tena, hata kama tarakimu ingekuwa sahihi, isingekuwa kipimo cha uwezekano wa mama kuwa hana hatia. Mama kuwaua watoto wake wawili nako ni jambo la nadra mno. Lililopasa ni kulinganisha nadra mbili. Mama huyo alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1999. Mwaka 2001 Chama cha Kifalme cha Takwimu kilitangaza kwamba hesabu ile haikuwa na msingi. Aliachiliwa mwaka 2003, hasa kwa sababu majibu ya uchunguzi wa maabara juu ya mtoto wa pili hayakuonyeshwa kwa upande wa utetezi. Akafariki mwaka 2007.

Mambo haya yawahusu pia wataalamu wa Kiswahili, kwani mwaka 2021 sheria ya Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Neno "uwezekano" hubeba maana mbili: kwamba jambo laweza kuwa, na kadiri ya kutazamiwa kwake. "Yamkini" nalo hutumika kwa lile lililo karibu na hakika, na kwa lile lisilokatazika tu. Mfasiri wa taarifa ya maabara hana budi kutaja hesabu pamoja na sharti lake, wala asiiache "ikiwa" ianguke njiani. Akiandika "katika kila watu milioni moja, mmoja huwa na alama hizi", msikilizaji ataona mara moja kwamba habari hiyo ni ya alama, na kwamba hatia ingali yatafutwa.