Kiwambo cha Tarakilishi Kigeukapo Runinga: Kifaa na Istilahi Zake

Katika maduka ya vifaa vya mitumba jijini Nakuru, na hata katika vituo vidogo vya biashara vinavyotegemea wanafunzi, mathalani Njokerio karibu na Chuo Kikuu cha Egerton, kiwambo cha tarakilishi kilichokwisha kutumika aghalabu huuzwa kwa bei ya chini kuliko runinga ya ukubwa uo huo. Mwanafunzi aliyepanga chumba kimoja, mwenye hamu ya kutazama habari za saa moja na mechi za mwisho wa juma, hulazimika kujiuliza swali moja kabla ya kutoa fedha zake: je, kiwambo hiki chaweza kuwa runinga? Chaweza. Hata hivyo, wengi hufika nacho nyumbani wakakuta hakina sauti, hakina pa kuchomeka waya wa antena, na kinaonyesha maandishi ya onyo badala ya picha. Makala haya yanaeleza sababu za hali hiyo, na yanashikilia kwamba sehemu kubwa ya utata huo hutokana na neno *runinga* lenyewe, ambalo limefunika vifaa kadhaa kwa jina moja.

Kinachoitwa runinga ni mkusanyiko. Kuna kipokezi, ambacho hunasa mawimbi yaliyoletwa na antena na kuchagua idhaa moja miongoni mwa nyingi. Kuna kiwambo, ambacho huonyesha picha. Kuna pia vipaza sauti. Kiwambo cha tarakilishi, ambacho mafundi hukiita monita, ni sehemu ya pili peke yake. Hakikuundwa kipokee chochote kutoka hewani, kwa kuwa picha zake hutoka katika tarakilishi iliyo kando yake. Neno *kiwambo* lafaa sana hapa. Limetokana na kitenzi *wamba*, yaani kutandaza na kukaza kitu juu ya fremu, kama ngozi inavyowambwa juu ya ngoma. Ngoma hailii pasipo mpigaji, na kiwambo nacho hakina picha hadi kipewe.

Kwa miongo mingi tofauti hii haikumsumbua mtazamaji wa kawaida nchini Kenya, kwani sehemu zote zilikuwa ndani ya sanduku moja. Mambo yalibadilika mwaka 2015. Chini ya makubaliano ya Geneva ya mwaka 2006, yaliyosimamiwa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, tarehe 17 Juni 2015 iliwekwa kuwa kikomo cha matangazo ya analojia katika sehemu kubwa ya Afrika. Kenya ilikuwa imezindua matangazo ya dijitali Desemba 2009, lakini uhamaji wenyewe ulicheleweshwa na kesi zilizofika hadi Mahakama ya Juu. Mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Februari 2015, vituo vikubwa vya kibinafsi vilitoweka hewani kwa takribani wiki tatu huku vikizozana na serikali. Familia zenye runinga nzima kabisa zilijikuta zikitazama chenga. Kiwambo kilikuwa kizima na vipaza sauti vizima. Kilichokufa ni kipokezi.

Dawa iliyouzwa ilikuwa king'amuzi, au dikoda kwa kauli ya mitaani. Jina hili, lililoundwa kutokana na kitenzi *ng'amua*, ni miongoni mwa istilahi chache za teknolojia zilizoingia sokoni mapema na kukubalika, ingawa wapo wanaopendelea *kisimbuzi*. Lakini jambo la kuzingatia ni kile king'amuzi kilichofanya: kilikihamisha kipokezi nje ya runinga na kukiweka mezani. Tangu hapo, runinga ya zamani iliyounganishwa na king'amuzi haina kazi ila ya kuonyesha picha na kutoa sauti. Kwa maneno mengine, imekuwa kiwambo chenye vipaza sauti. Basi hapana sababu ya kiufundi ya kukizuia kiwambo cha tarakilishi kushika nafasi yake.

Utata huu wa majina haukuwahangaisha Wakenya peke yao. Makubaliano ya Teknolojia ya Habari ya mwaka 1996 yaliondoa ushuru wa forodha kwa bidhaa za tarakilishi, ilhali runinga hazikuhusishwa. Umoja wa Ulaya ukatoza asilimia 14 kwa baadhi ya viwambo vilivyokuwa na tundu la DVI, kwa hoja kwamba vingeweza kupokea picha kutoka kwa vifaa visivyo tarakilishi. Marekani, Japani na Taiwan zilipeleka malalamiko yao mbele ya Shirika la Biashara Duniani mwaka 2008, na Agosti 2010 jopo la shirika hilo likaamua dhidi ya Ulaya. Wanasheria walijadili kwa miaka miwili jambo ambalo mwanaleksikografia angelitambua mara moja, yaani mipaka ya maana ya nomino mbili.

Turejee dukani. Jambo la kwanza kuchunguza ni matundu yaliyo nyuma ya kiwambo, kwa sababu hayo ndiyo yatakayoamua gharama. Kiwambo chenye tundu la HDMI, mfumo uliotangazwa mwaka 2002, hakina taabu: waya mmoja kutoka kwa king'amuzi watosha. Chenye DVI hakina taabu kubwa pia, kwani DVI ya kidijitali na HDMI hubeba picha kwa lugha moja, na waya wenye HDMI upande huu na DVI upande ule hupatikana kwa bei ya chini. Shida huanza kwa viwambo vikuukuu vyenye VGA pekee, lile tundu la ncha 15 lililobuniwa mwaka 1987. VGA ni analojia, HDMI ni dijitali. Waya mtupu hauwezi kutafsiri baina yazo. Kinachohitajika ni kigeuzi chenye saketi ndani yake. Vilevile, king'amuzi chenye matundu ya rangi tatu tu, ya njano kwa picha na mekundu na meupe kwa sauti, huhitaji kigeuzi cha aina nyingine, na picha yake huwa hafifu. Vile visanduku vya runinga vyenye VGA vilivyotumika enzi za analojia havinasi tena chochote hewani, lakini vyenye tundu la njano la kuingizia picha bado vyafaa kwa kazi hii ya ugeuzi. Si vya kutupwa.

Sauti husahauliwa mara nyingi. DVI na VGA kwa kawaida hazibebi sauti, na viwambo vingi havina vipaza sauti hata vikiwa na HDMI. Njia rahisi ni kuacha sauti isipite kwenye kiwambo kabisa: waya mwekundu na mweupe hutolewa kwa king'amuzi moja kwa moja hadi kwenye redio au wufa. Mwanafunzi mwenye wufa tayari amejitatulia nusu ya tatizo, na huenda akapata sauti nzuri kuliko ya runinga nyembamba.

Yale maandishi ya onyo nayo yana maelezo. Matangazo ya Kenya yamerithi mfumo wa mizunguko 50 kwa sekunde, ilhali viwambo vingi vya tarakilishi vimezoea 60, na baadhi hukataa kabisa 50. Ving'amuzi vingi huruhusu badiliko hilo katika mipangilio yake, ila itabidi kuazima runinga ya jirani kwa dakika tano ili menyu ionekane. Kadhalika, viwambo vya zamani vya umbo la karibu mraba huzirefusha nyuso za watangazaji hadi mpangilio wa umbo urekebishwe, na vingine hukataliwa na vifaa vinavyotaka ithibati ya kulinda hakimiliki, inayojulikana kama HDCP.

Hata kiwambo bora hakitasaidia pasipo mawimbi. Nakuru imekaa katika sakafu ya Bonde la Ufa, Menengai ikiwa kaskazini na nyanda za Mau magharibi, na mawimbi ya runinga ya dijitali husafiri takribani kwa mstari ulionyooka. Nyumba iliyofichwa na kilima hukosa kile kinachopokewa na jirani aliye umbali wa mita mia chache. Katika analojia angeona picha yenye chenga akaivumilia. Katika dijitali picha huwa safi au hukatikakatika na kutoweka. Lawama huangukia kiwambo cha mitumba, ilhali mwenye kosa ni antena.

Katika michezo ya video, kiwambo cha tarakilishi si mbadala wa kujikimu tu. Mara nyingi huishinda runinga. Runinga nyingi husafisha na kulainisha kila picha kabla ya kuionyesha, na kazi hiyo huchukua muda. Kwa picha 60 kwa sekunde, kila picha hudumu milisekunde 17 hivi. Runinga ikichelewa kwa picha tano, mlinda lango wa mchezo wa kandanda ataruka baada ya mpira kutinga wavuni. Kiwambo hakina urembeshaji huo. Mwenye kibanda cha michezo hata hivyo ajihadhari na mashine ya PlayStation 2 ya mwaka 2000: huchora mistari takribani 15,700 kwa sekunde, ilhali viwambo vingi vya VGA huanzia 31,500. Bila kigeuzi, hazipatani.

Msomaji wa Kiswahili atakuwa ametambua pengo. *Kiwambo*, *king'amuzi* na *kipokezi* zipo. Lakini kwa matundu, nyaya na ithibati, lugha imebaki na herufi za kigeni, na neno *kigeuzi* lalazimika kubeba vifaa viwili visivyoweza kubadilishana. Muuzaji husema "adapta" kwa vyote viwili. Mnunuzi asiyejua kuuliza kama adapta hiyo yatoa HDMI na kuingiza VGA, au kinyume chake, hurudi Njokerio na kifaa kilichoelekea upande usiofaa. Ni heri aende dukani na king'amuzi chake mkononi, aombe kiunganishwe na kiwambo na kiwashwe papo hapo.