Kiungo au Kishikizo? Istilahi za Mshikano wa Seli katika Saratani ya Ini

Seli za ini hazikai zikigusana tu kama nafaka guniani. Zimeshikana kwa protini maalumu, na mshikano huo ulegeapo saratani hupata njia ya kuenea. Jambo hilo ni la wanasayansi, lakini namna ya kulieleza kwa Kiswahili ni kazi ya wanaisimu pia.

Wengi watapendekeza neno kiungo. Neno hilo lina mzigo mkubwa tayari: ni sehemu ya mwili, ni mahali mifupa ikutanapo, na hata ni kikolezo cha mchuzi. Tena hudokeza kitu kinachoshika tu, basi. Hapo ndipo penye kasoro. Chukua mfano wa kadherini-E. Jina kadherini lilitolewa mwaka 1984 na Masatoshi Takeichi na wenzake nchini Japani, kwa kuwa protini hiyo haishiki pasipo kalsiamu. Nje ya utando hushikana na kadherini ya seli jirani. Ndani hushikilia protini nyingine, katenini-beta. Kadherini ikipungua, seli ya saratani huweza kujitenga na jirani zake, ikapenya na kuingia katika mishipa ya damu. Katenini-beta nayo, isipovunjwavunjwa kama kawaida, huingia katika kiini cha seli na kuamsha jeni za ukuaji. Katika saratani nyingi za ini jeni ya katenini hii yenyewe imebadilika, hata protini haivunjiki. Kumbe gundi ni mjumbe pia.

Klaudini, ambayo jina lake latokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kufunga, huziba mwanya kati ya seli ili nyongo isivujie damuni; kwake kizibo lafaa. Koneksini hujenga vijia vya kupitishia molekuli ndogo kutoka seli hadi seli. Kipenyo lingefaa mno, laiti wanahisabati wasingalilitwaa mapema.

Hata hivyo, kupotea kwa kadherini siko kuenea kwenyewe. Seli nyingine za saratani husafiri kwa makundi zikiwa zimeshikana bado, na nyingine huirudisha kadherini zikishapata makao mapya. Kwa sababu hiyo kishikizo, ambacho hufungwa, kikafunguliwa, kikafungwa tena, chaelekea kuikaribia hali halisi kuliko kiungo.