Daktari Katika Siasa za Utaifa: Safari ya Joe Hendron, Belfast Magharibi

Makala haya yanachunguza namna imani ambayo wagonjwa huwa nayo kwa daktari inavyoweza kugeuka kuwa mtaji wa kisiasa, pamoja na mipaka ya mtaji huo. Mfano unaotumika ni Joe Hendron, daktari wa mtaa wa Falls, Belfast, aliyejiunga na chama cha SDLP. Chama hicho, kilichoasisiwa mwaka 1970, kilitetea umoja wa Ayalandi kwa njia ya ridhaa na kupinga matumizi ya silaha.

Mwaka 1983 Hendron aligombea ubunge wa Belfast Magharibi, akashindwa na Gerry Adams wa Sinn Féin. Alishindwa tena mwaka 1987. Kwa kuwa Sinn Féin hukataa kuhudhuria Bunge la Uingereza, jimbo hilo, ambalo lilikuwa miongoni mwa maeneo yenye umaskini mkubwa, lilikosa sauti bungeni. Katika mazingira hayo, daktari aliyezoea kusikiliza shida za wakazi aliahidi jambo mahususi: kuhudhuria vikao na kuzisemea shida hizo.

Mwaka 1992 Hendron alishinda kwa tofauti ya kura 589 tu. Ushindi huo haukutokana na wanautaifa peke yao. Baadhi ya Waprotestanti wa eneo la Shankill, wasiokubaliana naye kuhusu hatima ya Ayalandi, walimpigia kura ili kumwondoa Adams. Hapa ndipo mipaka inapoonekana: muungano wa wapiga kura uliojengwa juu ya kumkataa mgombea mmoja haukuwa msingi imara wa chama. Mwaka 1997, mchakato wa amani ukiwa umempa Adams hadhi mpya, Hendron alipoteza kiti kwa kura zaidi ya 7,000.

Hata hivyo, kushindwa huko hakukuhitimisha safari yake. Baada ya Mkataba wa Ijumaa Kuu wa 1998, aliingia katika Bunge la Ayalandi ya Kaskazini na kuongoza kamati yake ya afya, hadi alipopoteza kiti mwaka 2003.

Kwa ujumla, mfano huu unaonesha kwamba sifa ya udaktari ilimwezesha Hendron kuvuka mipaka ya kijamii, lakini haikuweza kuifuta. Ilimfikisha bungeni, ila haikutosha kumbakiza huko.