Adabu za Chakula katika Nchi ya Japani

Kila taifa lina adabu zake za kula, na mtoto huzijua adabu za kwao kabla hajajua kusoma. Lakini zile za watu wengine hana budi kufundishwa. Wahenga walisema, "Mgeni ni kuku mweupe". Maana yake, kila alitendalo huonekana upesi. Basi yafaa kujua jinsi Wajapani walavyo, na hasa sababu za desturi zao, kwa kuwa desturi isiyojulikana sababu yake huonekana kama mchezo tu.

Japani ni nchi ya visiwa vingi, iliyo mashariki ya bara la Asia. Chakula kikuu cha wenyeji wake tangu zamani ni wali, pamoja na samaki, mboga, na maharagwe ya soya. Mpango wao wa chakula huitwa "mchuzi mmoja na vitoweo vitatu". Bakuli la wali huwekwa upande wa kushoto wa mlaji, bakuli la mchuzi upande wa kulia, na vitoweo nyuma yake. Kila mtu ana bakuli lake mwenyewe la wali. Hawakusanyiki kula katika sinia moja kama wafanyavyo watu wengi wa pwani ya Afrika ya Mashariki.

Mgeni aingiapo katika nyumba ya Mjapani huvua viatu vyake mlangoni. Katika chumba cha desturi ya zamani sakafu imetandikwa mikeka minene iitwayo tatami, na watu huketi juu ya mito, mbele ya meza fupi. Siku hizi nyumba nyingi zina viti na meza ndefu, lakini viatu huvuliwa vilevile. Mahali pa heshima ni palipo mbali na mlango. Mgeni mwenye adabu hapakimbilii mahali hapo, bali hungoja mpaka aonyeshwe.

Kabla ya kula, watu huunganisha viganja vya mikono, huinamisha kichwa kidogo, na kusema, "Itadakimasu", yaani, "Napokea kwa unyenyekevu." Shukrani hiyo ni kwa mpishi, kwa mkulima na mvuvi, na tena kwa viumbe vilivyotoa uhai wao ili mtu apate kuishi. Wakiisha kula husema, "Gochisosama." Ndani ya neno hilo mna maana ya kukimbia huko na huko, mlaji amshukuru mwenyeji aliyehangaika kutafuta na kuandaa.

Wajapani hula kwa vijiti viwili viitwavyo hashi, vilivyochongwa kwa mti au mwanzi. Vyote viwili hushikwa kwa mkono mmoja. Kijiti cha chini hutulia penye shina la kidole gumba, kikiegemea kidole cha pete. Kijiti cha juu hushikwa kama kalamu, nacho ndicho kiendacho juu na chini. Huenda msomaji akauliza, Je, wali hushikwaje kwa vijiti? Sababu ni kwamba mchele wa Japani ni mfupi na mnene, na ukipikwa punje zake hushikamana, si kama pilau ambayo punje zake huachana. Tena nyama na mboga hukatwa vipande vidogo jikoni, hata mezani hapahitajiwi kisu. Bakuli la wali huinuliwa kwa mkono wa kushoto mpaka karibu na kifua, maana kuliinamia likiwa mezani si adabu. Mchuzi nao hunywewa katika bakuli lenyewe pasipo kijiko. Na mtu alaye tambi za mchuzi aweza kuzivuta kwa sauti. Huko hilo si kosa.

Yako makosa mengi ya vijiti. Ni vibaya kumwelekezea mtu kijiti, kuchoma chakula kama kwa mkuki, kulamba vijiti, kuvuta bakuli kwa vijiti, au kuvizungusha juu ya vitoweo kwa kusitasita. Hayo ni makosa madogo, na mtoto ayatendaye hukemewa tu. Lakini yako mawili yawezayo kuwahuzunisha wote walioketi mezani.

La kwanza ni kusimamisha vijiti katika wali. Mtu akifa, kwa desturi ya Kibudha, bakuli la wali huwekwa karibu na kichwa cha maiti, na vijiti husimamishwa ndani yake. Basi vijiti vikisimama hivyo mezani, ni kama kuleta matanga katika nyumba ya furaha.

La pili ni kupokezana chakula kutoka vijiti hata vijiti. Katika Japani karibu maiti wote huchomwa moto. Kisha jamaa hukusanyika, na kwa vijiti huokota mifupa iliyobaki, wakipokezana au kuushika mfupa mmoja watu wawili pamoja, na kuutia katika chombo. Huanza na mifupa ya miguu na kumaliza na ya kichwa, ili marehemu asikae kichwa chini. Mgeni akimpokeza mwenziwe kipande cha samaki kwa vijiti, ingawa kwa moyo mwema, yule aliyefiwa na mamaye hukumbushwa siku ile. Apendaye kumgawia mwenziwe na akiweke chakula katika kisahani, naye atakitwaa mwenyewe.

Adabu hizi hufundishwa nyumbani na shuleni pia. Chakula cha shule kilianza Japani mwaka 1889 katika mji wa Tsuruoka, kwa ajili ya watoto wa maskini. Na mwaka 1954 sheria ya chakula cha shule ilitungwa. Wanafunzi wa zamu huvaa kofia na nguo nyeupe, huwapakulia wenzao, na wote hungojana kabla ya kuanza. Huonywa wasiache hata punje moja ya wali, kwani katika kila punje mna jasho la mkulima.

Mwaka 2013 shirika la UNESCO liliuandika ulaji wa asili wa Wajapani miongoni mwa urithi wa wanadamu. Mtu aonaye desturi ngeni asiharakishe kucheka. Na aulize kwanza sababu yake. Huenda nyuma yake mna shukrani, au mna kilio.

Maswali
1. Kwa nini wali wa Japani huweza kuliwa kwa vijiti?
2. Neno "Itadakimasu" lina maana gani, na ni nani washukuriwao?
3. Eleza kwa nini si vema kupokezana chakula kwa vijiti.
4. Taja adabu mbili za chakula za kwenu, na sababu zake.