Usukani wa Go-kati

Bila shaka umepata kuona kigari cha mbao kilichoundwa na watoto. Magurudumu yake huwa ni beringi kuukuu zilizookotwa gereji, na mbele huwekwa ubao mmoja uliofungwa kwa bolti moja katikati. Dereva huusukuma ubao huo kwa nyayo, au huuvuta kwa kamba, na kigari hugeuka. Usukani wa namna hii ni rahisi kuunda, lakini una kasoro. Ubao ukigeuzwa sana, gurudumu moja huenda mbele na la pili hurudi nyuma chini ya kigari. Hapo kigari hukosa upana wa kusimamia, nacho hupinduka kwenye kona.

Go-kati ni kigari cha namna hiyo chenye injini na fremu ya mabomba ya chuma. Ya kwanza iliundwa na Art Ingels huko California, Marekani, mwaka 1956. Aliitia injini ya mashine ya kukatia majani. Go-kati haina springi, na kiti chake kiko karibu sana na ardhi.

Tufuate sasa mwendo wa usukani kutoka mikononi mwa dereva hadi barabarani. Usukani umefungwa juu ya mhimili, na chini ya mhimili kuna kikono kifupi. Kikono hicho husukuma na kuvuta fimbo mbili, ambazo mafundi huziita tairodi. Kila tairodi imeshika mkono wa chuma uliotoka kwenye gurudumu la mbele, na kila gurudumu hugeuka juu ya pini yake lenyewe. Kwa hiyo magurudumu hayaachi mahali pake kama yale ya kigari cha mbao.

Ukitazama kutoka juu utaona jambo la ajabu: ile mikono ya magurudumu, ambayo huelekea nyuma, haikunyooka. Imeinama kuelekeana, kana kwamba imegongwa. Mtu asiyejua huinyoosha kwa nyundo, na hapo huiharibu go-kati iliyokuwa nzima. Mpango huo ni wa zamani. Mtengenezaji wa magari ya farasi wa mji wa Munich, Ujerumani, aliyeitwa Georg Lankensperger, aliubuni mwaka 1817, na Rudolph Ackermann akauandikisha Uingereza mwaka 1818. Hata leo unaitwa kwa jina la Ackermann, ingawa si yeye aliyeubuni.

Ili kuelewa sababu yake, chora kwa rula. Sentimita 4 ziwe mita 1. Chora go-kati ambayo magurudumu yake ya mbele yako mita 1 kutoka ekseli ya nyuma, na mita 1 baina yao. Refusha mstari wa ekseli ya nyuma kwenda upande mmoja, kisha utie nukta mahali palipo mita 3 kutoka usawa wa gurudumu la mbele lililo karibu. Gurudumu la pili litakuwa mita 4 kutoka nukta hiyo. Go-kati inaizunguka nukta hiyo kama mbuzi aliyefungwa kambani. Ili lisiburuzwe, kila gurudumu la mbele lazima lifuate duara lake. Pima pembe: gurudumu la ndani linageuka nyuzi 18 hivi, la nje nyuzi 14 hivi. Mikono iliyoinama ndiyo iletayo tofauti hiyo.

Tuseme fundi ameletewa go-kati iliyokwisha kutumika. Usukani ukizungushwa kidogo, magurudumu hayaitiki. Mwenyewe anataka vyote vibadilishwe. Fundi mwenye busara hakubali upesi, bali hupima kwanza. Usukani wake una nusu kipenyo cha sentimita 15, na kile kikono cha chini kina sentimita 5. Dereva akisukuma ukingo kwa kani ya nyutoni 20, tairodi kwa pamoja hupata nyutoni 60, tukiacha msuguano. Lakini mkono wa dereva husafiri mara tatu zaidi. Kwa hiyo tundu lililolika na kupanuka, likiachia tairodi milimita 2 za bure, hujidhihirisha kuwa milimita 6 kwenye ukingo wa usukani.

Ulegevu huo si jambo dogo. Go-kati iendayo kilomita 36 kwa saa hupita mita 10 kila sekunde. Dereva akipoteza nusu sekunde akitafuta mahali usukani unaposhika, amekwisha kwenda mita 5, na pengine ukuta ulikuwa mita 4 mbele yake.

Fundi huzima injini, na msaidizi huyashika magurudumu ya mbele yasigeuke. Fundi huutikisa usukani huku kidole chake kikigusa kila kiungo, kimoja baada ya kimoja. Kidole huhisi mtikisiko usioonekana kwa jicho. Mara nyingi sehemu moja au mbili tu ndizo zimelika: bushi ya pini, au ncha ya tairodi yenye tufe la chuma ndani. Hizo ndizo hubadilishwa.

Tairodi iliyopinda hainyooshwi, hutupwa. Chukua kipande cha waya, ukipinde na kukinyoosha mara nyingi. Kitakatika, ingawa hukukivuta kwa nguvu. Nati nazo zisidharauliwe. Kwa kuwa go-kati haina springi, kila mtikisiko wa barabara huzifikia na kuzilegeza. Nati za usukani huzuiwa kwa pini, au huwa na pete ya plastiki ndani. Nati yenye pete ikifunguliwa, fundi huweka mpya.

Mwisho fundi huyapanga magurudumu. Hupima umbali baina yake upande wa mbele, kisha upande wa nyuma. Vipimo hivyo viwe karibu sawa. Vikitofautiana sana, huzungusha tairodi, ambayo nyuzi za skrubu za ncha zake mbili huelekea kinyume, na hivyo hurefuka au kufupika. Kazi hii isifanywe na mwanafunzi bila fundi kuwapo.

Mazoezi

1. Usukani una nusu kipenyo cha sentimita 18, na kikono cha sentimita 6. Ukingo unacheza milimita 12. Tairodi inapoteza milimita ngapi?

2. Kwa vipande vya kadibodi na pini, unda mfano wa magurudumu mawili ya mbele, mikono yake na fimbo moja ya kuiunganisha. Geuza gurudumu moja na upime pembe zote mbili. Kisha unyooshe mikono na upime tena.