Kumpokea aliyetubu ni zaidi ya kumpigia makofi

MTU aliyejulikana mtaani kwa wizi au umwagaji damu anaposimama kanisani na kutangaza kuwa ametubu, waumini hugawanyika.

Wapo wanaoshangilia na kumkabidhi kipaza sauti papo hapo atoe ushuhuda. Wapo nao wanaosogeza mikoba yao karibu, wakinong'onezana kwamba mazoea yana taabu.

Pande zote mbili husahau jambo moja: kumpokea mwenye kutubu ni kazi inayohitaji muda, mdhamini na, zaidi ya yote, kumkumbuka yule aliyeumizwa.

Suala hili si geni. Sauli, aliyekuwa akiwatesa Wakristo, alipofika Yerusalemu baada ya kuongoka, wanafunzi walimwogopa. Hawakuamini kwamba amekuwa mwenzao. Ni Barnaba aliyemchukua hadi kwa mitume na kuwaeleza yaliyomfika. Pasipo mtu huyo mmoja aliyekubali kumdhamini, pengine Sauli angebaki mlangoni.

Karne mbili baadaye, mzozo kama huo ulizuka Kartago, katika nchi inayoitwa Tunisia siku hizi. Mnamo mwaka 250, kwa amri ya Kaisari Decius, Wakristo wengi waliitoa sadaka kwa miungu ya Warumi au wakanunua vyeti vya kuonyesha kwamba wameitoa. Dhoruba ilipotulia, waliomba kurudi.

Novatian wa Roma alikataa katakata wasirudishwe, akajitenga. Askofu Cyprian wa Kartago naye hakutaka wafungiwe nje milele wala warejeshwe kiholela. Mwaka 251 maaskofu waliamua kwamba kila mmoja achunguzwe kwa kadiri ya kosa lake na apewe kipindi cha toba.

Hata hivyo, mtihani mgumu zaidi wa nyakati zetu ulikuwa nchini Rwanda. Katika mauaji ya halaiki ya mwaka 1994, Wakristo waliwaua Wakristo wenzao, wakati mwingine ndani ya makanisa. Wafungwa walipoanza kuachiliwa, walirejea katika vilima vile vile walikoishi manusura, na wakataka kuketi nao katika ibada moja.

Padri Ubald Rugirangoga, aliyefariki mwaka 2021, alikuwa mmoja wa manusura hao. Mamake na jamaa zake zaidi ya 80 waliuawa. Alimsamehe mtu aliyehusika na kifo cha mamake, kisha akawalipia karo watoto wa mtu huyo.

Katika parokia ya Mushaka, magharibi mwa nchi hiyo, padri huyo hakuwarudisha wauaji katika sakramenti kwa sababu tu walikuwa wamemaliza kifungo. Walihitajika kupitia mafundisho ya miezi sita, kukiri waliyoyatenda na kuziendea familia walizozikosea ili kuziomba msamaha. Manusura nao waliandaliwa kwa upande wao. Ndipo upatanisho ukafanywa hadharani, mbele ya waumini wote.

Utaratibu huo una mafunzo kwa makanisa yetu. Kwanza, toba inayomruka aliyekosewa ni nusu ya toba. Aliyeiba na arudishe anachoweza kurudisha. Wala aliyekosewa asilazimishwe kusamehe kwa sababu tu kwaya iko tayari kuimba.

Pili, msamaha haufuti sheria. Mtu anaweza kukumbatiwa na waumini huku akiendelea kujibu mashtaka mahakamani. Vivyo hivyo, aliyewadhulumu watoto anaweza kupewa nafasi ya kuabudu bila kukabidhiwa darasa la watoto. Kumwekea mpaka si kumhukumu upya, bali ni kuwalinda wanyonge na kumwepusha yeye mwenyewe na majaribu.

Tatu, mgeni huyu anahitaji zaidi ya maombi. Anayetoka gerezani hukosa kazi, makao na marafiki. Waliokuwa wenzake katika uhalifu wanajua pa kumpata, nao hawachelewi kumwita. Kanisa likimshangilia Jumapili kisha likamsahau Jumatatu, litakuwa limemrudisha mikononi mwao.

Imani huvunjika kwa siku moja, lakini hujengwa haba na haba. Kila kanisa linalohubiri toba halina budi kujiuliza: ni nani miongoni mwetu aliye tayari kuwa Barnaba?