Mla Unga ni Mgonjwa
Kijana akikamatwa na kete ya unga, wengi wetu Visiwani husema: na afungwe. Sisi hatukubaliani nao. Mwili uliokwisha kuzoea unga huuma na kutapika ukiukosa. Jela haiponyi maradhi hayo.

Sheria ya Ureno iliyoanza kutumika mwaka 2001 iliamua kwamba anayekutwa na kiasi cha matumizi yake ya siku 10 apelekwe mbele ya kamati, si mahakamani. Tiba ikapanuliwa, na biashara ikabaki jinai. Jimbo la Oregon, Marekani, lililegeza sheria mwaka 2021 kabla tiba haijaenea. Mwaka 2024 likaikaza tena.

Basi twawaomba wakuu wetu: tiba itangulie, sheria ifuate. Mwuzaji aandamwe, mgonjwa atibiwe. Mzazi amfichaye mwanawe kwa kuogopa polisi huenda akaishia kumzika. Mficha maradhi, kifo humuumbua.